Kabla hujanunua mashine ya shamba, anza na tupa, kamba na tyubu

Ukienda shamba kesho asubuhi weka tupa ya kunolea kwenye kifurushi kabla hata ya chakula. Naanza hapo kwasababu naona watu wengi sana, hasa sisi tunaolima ekari moja mbili tatu, msimu ukikaribia tunaanza kuulizia bei za mashine, pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono, shilingi ngapi, mashine ya kufyekea shilingi ngapi, wakati jembe lililopo nyumbani halijanolewa tangu lilipotoka dukani na mpini unacheza. Mi nalima huku Morogoro chini ya milima ya Uluguru, shamba nusu liko mteremkoni na nusu liko tambarare karibu na mto, mahindi na maharage juu, nyanya na mboga chini, na miaka yote hii nilichojifunza ni kwamba kinachokupunguzia kazi ni makali na kipimo. Mashine inakuja baadae, na ikija inataka hivohivo makali na kipimo.

Tuanze na kunoa. Jembe jipya la dukani mara nyingi linakuja butu, watu wanadhani ndo lilivyo wanaanza kulitumia hivohivo, mgongo unauma wanasema udongo mgumu. Chukua tupa bapa ya inchi 10 au 12, ile yenye meno makubwa kidogo, alafu kwanza itengenezee mpini. Usishike ile ncha nyembamba ya nyuma kwa mkono mtupu, siku ikiteleza inaingia kwenye kiganja. Mpini wa haraka ni gunzi la muhindi kavu, lichomeke kwenye hiyo ncha, gonga kidogo chini lishike, basi, na likichoka magunzi yapo mengi. Jembe lilaze kwenye gogo makali yakiangalia mbele mbali na wewe, kanyaga mpini kwa mguu, sukuma tupa kwenda mbele kwa mshazari kufuata ule mteremko wa makali. Tupa inakata ikienda mbele tu, kwaiyo ukirudi inyanyue, ukiiburuza kwenda nyuma na mbele kama msumeno unaua meno yake na ndani ya mwezi inakuwa laini kama rula. Jembe linanolewa upande mmoja, upande wa pili unapitisha tupa mara moja tu bapa bapa kutoa ule ukingo unaokwaruza kidole. Panga unanoa pande zote mbili na usilifanye jembamba sana kama kisu cha jikoni, maana likigonga jiwe au fundo la mti linabonyea. Kama meno ya tupa yanajaa unga wa chuma, paka chaki, chaki ya kawaida ya ubaoni, unga haushikani tena.

Kitu kimoja nakiomba sana, usipeleke panga au jembe lako kwa mtu mwenye grenda akalisugua mpaka chuma kikageuka rangi ya bluu. Hapo joto limeshaua ugumu wa chuma, litakata vizuri siku mbili alafu kila baada ya nusu saa unarudi kunoa. Kama lazima grenda itumike basi iwe kugusa na kuachia, na maji pembeni ya kupozea.

Mpini nao. Mti wa mpera ndo chaguo langu la kwanza, mgumu na hauchani ovyo. Kata ukiwa mbichi, menya gamba, kausha kivulini wiki kadhaa, ukikausha juani unapasuka. Kwa jembe la tundu la mviringo acha kichwa cha mpini kiwe kinene kuliko chini, unaupitisha kwa kuanzia na upande mwembamba mpaka kichwa kinabana, ukilima kila ukigonga ardhi kinazidi kubana chenyewe. Kama unacheza kidogo usiloweke jembe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, najua karibu wote tumefundishwa hivo, mti unavimba kweli na asubuhi unashika, ila ikifika saa sita jua limekausha na sasa unacheza kuliko jana. Kata kipande cha tyubu, kizungushe kwenye kichwa cha mpini, alafu gonga uingie, raba inabana na pia inapunguza mtetemo unaofika mkononi. Mafuta ya kupaka mpini tumia ya alizeti, paka acha inywe, paka tena. Oili chafu ya gari waachie nguzo za uzio kuzuia mchwa, ngozi yako isishike oili chafu siku nzima, ina vitu vibaya.

Sasa tyubu. Kama kuna kitu kimoja cha kutupwa ambacho siwezi kufanya kazi bila kuwa nacho ni tyubu chakavu ya baiskeli au bodaboda. Nenda kwa fundi yeyote anaeziba pancha, anazo rundo, anakupa bure au kwa hela ya soda. Jinsi ya kuipasua: toa ile sehemu ya valvu, kata tyubu ikae kama bomba, alafu anza kukata kwa kuzunguka kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda, upana wa kidole kimoja, utapata utepe mmoja mrefu wa mita nyingi. Siri ni kuchovya mkasi au kisu kwenye maji ya sabuni, raba inateleza inakatika safi, bila hivo kisu kinakwama na unajikata. Huo utepe nafungia nyanya kwenye vijiti vyake, na ni mzuri kuliko kamba ya nailoni kwasababu shina likinenepa raba inavutika, nailoni inalikata. Nafungia mipira ya maji inayovuja, unavuta utepe kwa nguvu huku unazungusha, kila mzunguko unapanda nusu ya uliopita, mwisho unachomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Inashika maji ya pampu kabisa. Tyubu za gari kubwa zenyewe ni nene, hizo ni za kukatia wosha na bawaba. Bawaba ya geti la zizi ukiikata kwenye tairi lenyewe, upana wa kiganja, misumari minne juu minne chini, haipati kutu wala haihitaji grisi. Na miguuni katambuga bado ni kiatu kizuri cha kufyekea, mwiba wa kawaida haupenyi soli ya tairi, ila ukishika mashine vaa buti.

Nikija kwenye kipimo, kifaa cha kwanza ni kamba. Kuna watu wanapanda kwa macho, mstari unaanza sentimita 75 unaishia mita moja, mwisho wa shamba wamepoteza mistari mitatu minne. Chukua kamba ya manila, sio ya katani, katani ikilowa inafupika na vipimo vyako vyote vinahama. Ipime kwa futi ya fundi, na kila sentimita 60 funga kitambaa chekundu kidogo kwa fundo lisiloteleza, miisho miwili funga kwenye vijiti vya kuchomeka. Alafu kata fito mbili za sentimita 75 kamili, kila mtu wa mwisho wa kamba ana ya kwake, mkimaliza mstari mnalaza fito mnahamia. Kwa mahindi nafuata 75 kwa 60 punje mbili kila shimo, na hesabu yake ni rahisi, ekari ina mita za mraba kama 4,047, shimo moja linachukua 0.45, kwaiyo una mashimo karibu 9,000.

Na hapo ndo kifuniko cha soda kinapoingia. Mfuko wa mbolea ya kupandia ya DAP wa kilo 50 ukigawa kwa mashimo 9,000 unapata gramu tano na nusu kwa kila shimo. Wengi tunaambiwa kifuniko kimoja cha soda kila shimo, sawa, ila kifuniko kipi? Cha bati cha chupa ya kioo na cha plastiki sio sawa hata kidogo, na kujaza bapa na kujaza kilima sio sawa. Kwaiyo fanya hivi, chukua kifuniko unachotaka kutumia, pima vifuniko 100 uweke kwenye mfuko, peleka dukani wapime kwenye mzani. Ikija gramu 550 umepata. Ikija 300 basi ongeza kilima, ikija 800 weka alama ndani kwa msumari uishie hapo. Mi nilifanya hivi baada ya msimu mmoja mbolea kuniishia robo tatu ya shamba, nikabaki na kipande kizima cha mahindi ya njano njano, na nilikuwa nimenunua kiasi sahihi kabisa. Shida ilikuwa kifuniko. Kifuniko ukikifunga kwenye kijiti cha urefu wa mkono kwa utepe wa tyubu huinami sana, na mbolea haikugusi vidole. Kumbuka kutia udongo kidogo juu ya mbolea kabla ya mbegu, mbegu isikae moja kwa moja juu ya mbolea inaungua.

Kule mteremkoni kipimo kingine ni fremu ya A. Fito mbili za mita mbili zinazolingana, zikutane juu kwa msumari, moja fupi katikati iwe kama mstari wa herufi A, juu unaning'iniza kamba yenye chupa ndogo iliyojaa mchanga. Isimamishe popote, weka alama kamba inapogusa ule mti wa katikati, alafu geuza miguu, wa kulia ukae alipokuwa wa kushoto palepale, weka alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndo usawa wenyewe. Sasa unatembea nayo kukatisha mlima, mguu mmoja unabaki mwingine unatafuta mahali kamba itakapotulia kwenye alama, unachomeka kijiti, unaendelea. Upepo ukiwa mkali acha, kamba haitulii. Kwenye huo mstari unaweza kuchimba fanya juu, ile ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, ambayo wenzetu wa Machakos kule Kenya wameifanyia kazi mpaka jina la Kiswahili likaingia kwenye vitabu vya kilimo vya dunia, au ukapanda tu mstari wa matete ukayakata kulisha mifugo. Mi napanda matete. Kuchimba ngazi nzima nzima ni kazi ya kutisha, na huku kwetu ina historia yake chungu, mwaka 1955 watu wa Uluguru waliinuka dhidi ya serikali ya mkoloni kwa kulazimishwa kuichimba. Mstari wa majani uliolala sawasawa unazuia udongo taratibu na baada ya miaka kadhaa ngazi inajijenga yenyewe.

Madumu. Dumu la mafuta ya kula la lita tano likiisha usilitupe, acha kizibo kimefungwa, ligeuze mshikio uwe juu, alafu kata kwa mshazari kuanzia chini ya mshikio kwenda kwenye kitako, unapata kata kubwa ya kuchotea mbolea, mbegu, mchanga, pumba, na inashika vizuri mkononi kuliko koleo dogo la dukani. Ukingo pitisha haraka kwenye moto wa mshumaa ulainike usikukwaruze. Dumu la lita 20 lililopasuka chini usihangaike kuliziba, likate kwa urefu, nusu mbili, toboa chini vitundu kwa msumari wa moto, ni kitalu cha miche cha kubebeka. Dumu bado ni zima? Toboa kizibo vitundu vingi vidogo uwe na kopo la kumwagilia, na kitundu kimoja nyuma karibu na mshikio cha kuingiza hewa, bila hicho maji yanatoka kwa kukohoa kohoa yanafukua mbegu.

Lakini dumu au chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu au ya magugu, hapana. Hata uoshe mara kumi. Suuza mara tatu na hayo maji ya suuza yaingie kwenye bomba la kupulizia yapulizwe shambani, alafu litoboe kabisa ili asije mwingine akaliokota akachotea maji ya kunywa. Hili silipunguzii maneno, kuna watoto wamekufa kwa hili.

Na bomba lenyewe la kupulizia, la mgongoni, hapo kipimo ndo kimepotea kabisa. Watu wanasema kifuniko kimoja kwa bomba, vifuniko viwili kwa bomba, wakati lebo inakwambia kiasi kwa ekari. Sasa bomba moja kwako linatosha eneo gani? Kila mtu ana mwendo wake. Pima mita 10 kwa 10, weka maji matupu kwenye bomba mpaka alama fulani, pulizia hilo eneo kwa mwendo wako wa kawaida, rudi ujaze mpaka alama ileile ukitumia chupa ya lita moja uone imeingia kiasi gani. Zikiingia lita 2, zidisha kwa 40, ekari yako inataka lita kama 80, yaani mabomba matano ya lita 16. Lebo ikisema nusu lita ya dawa kwa ekari, basi mililita 100 kila bomba. Umemaliza, na ukibadilisha nozo au mtu wa kupulizia unapima upya. Nozo ikiziba tumia mswaki wa zamani na maji, usitumie waya unapanua tundu, na usipulize kwa mdomo kamwe. Bomba la dawa ya magugu liwe lake peke yake, liandike kwa rangi, masalia kidogo tu yanachoma nyanya zote.

Pampu ya maji ndo mashine ya kwanza ningekushauri ununue kama una mto au kisima karibu, na ndo inayoharibiwa zaidi kwa kutokujua kitu kimoja, pampu inasukuma vizuri sana ila kuvuta ni shida. Maji yanapanda kwenye mpira wa kuvutia kwasababu hewa ya nje inayasukuma, pampu inaondoa tu hewa iliyo ndani ya mpira, na nguvu ya hewa ina mwisho wake. Kwenye karatasi ni kama mita 10 usawa wa bahari, kwenye uhalisia hesabu 7, na ukipanda mlimani kila mita 1,000 toa kama mita moja. Kwaiyo pampu ishuke karibu na maji, alafu mpira mrefu uwe ule wa kusukumia. Mtu anaiweka juu ya kingo kavu anavuta mita 9 alafu anasema pampu mbovu. Hata pampu za kukanyaga kama MoneyMaker za KickStart sheria ni hiyohiyo, fizikia haijali kama ni petroli au miguu.

Mpira wa kuvutia lazima uwe mgumu usiobonyea, na usiwe na hata tundu la sindano, hewa ikiingia maji hayaji. Pampu ikigoma angalia kwanza maungio, yazungushie utepe wa tyubu. Kabla ya kuwasha jaza maji kwenye pampu mpaka yafurike, ukiwasha kavu sili ya ndani inaungua ndani ya muda mfupi na hiyo ndo inayopeleka pampu nyingi kwa fundi. Mdomoni mwa mpira, juu ya chujio lake, mi navalisha ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa matundu pande zote, nazungushia wavu wa dirisha chakavu, naweka jiwe ndani isielee, na chini inakaa juu ya mawe isinyonye tope. Usitumie chandarua chenye dawa hapo, ile dawa inaua samaki.

Na tafadhali pampu ya petroli usiishushe ndani ya kisima ukaiwasha ili ifikie maji. Moshi wake hauna pa kwenda, una sumu isiyo na harufu, anaeshuka kuiangalia anaanguka, anaeshuka kumwokoa nae anaanguka. Kisima kikiwa kirefu kuliko mita 7 tafuta pampu ya kuzamisha ya umeme au sola, au vuta kwa ndoo.

Pawatila sitaiongelea sana. Zilikuja nyingi wakati wa mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, 2009 na kuendelea, na kwenye majaruba ya mpunga zinafanya kazi nzuri kweli, udongo umelowa na tambarare, na ukiiwekea tela inabeba mavuno. Kwenye udongo mkavu mgumu wa mahindi inarukaruka tu inachosha mtu kuliko jembe. Kodi kwanza msimu mmoja kwenye shamba lako mwenyewe ndo uamue.

Mashine ya kufyekea, hiyo naikubali, hasa kwa mwenye miti ya matunda. Ila nyingi ni za tuu stroki, oili inachanganywa kwenye petroli, na hapo watu wanakisia. Soma kitabu chake. Kikisema 50:1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, kikisema 25:1 ni mililita 40. Sirinji ya mifugo ya mililita 20 ndo kipimo changu, moja au mbili kwa kila lita, na oili iwe ile ya tuu stroki, sio ya gari. Changanya kwenye dumu lililoandikwa PETROLI kwa rangi, sio chupa ya maji ya kunywa, mtoto hawezi kujua. Miwani vaa, jiwe dogo likirushwa na ile bapa ya chuma linakuja kama risasi, na mtu yeyote akae mbali mita 15 hivi. Bapa yake unainoa kwa tupa ileile, idadi sawa ya misukumo kila jino, nne kwa nne, ukizidisha upande mmoja mashine nzima inatetemeka na nati zinalegea. Msimu ukiisha mwaga petroli yote iliyobaki ndani ya tangi, washa mpaka izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu, futa filta ya hewa, alafu ining'inize kwenye mhimili mahali ambapo panya hawafiki, wanapenda kutafuna ule waya wa plagi.